Shilingi 3 kwa dakika: kisa cha vita vya bei za simu nchini Kenya

Agosti 2010, kampuni ya simu ya Zain Kenya ilitangaza bei ambayo wengi waliisoma mara mbili kabla ya kuamini: shilingi 3 kwa dakika, kupiga mtandao wowote, na shilingi 1 kwa ujumbe mfupi. Gharama ya kupiga ilikuwa imekatwa nusu. Miezi miwili tu kabla ya hapo, Bharti Airtel ya India ilikuwa imekamilisha ununuzi wa biashara ya Zain katika nchi 15 za Afrika, kwa mkataba wenye thamani ya dola bilioni 10.7, na Kenya ilikuwa miongoni mwa masoko ambayo wamiliki wapya walitaka kuyatikisa mapema.

Soko lilitikisika kweli. Safaricom, iliyokuwa na takriban laini 8 kati ya kila 10 nchini, ilianza kwa kusitasita, kisha nayo ikashusha. Orange ikashusha. Yu, mtandao mdogo wa Essar uliozinduliwa mwishoni mwa 2008, ukashusha. Mwananchi akaongea kwa raha kuliko wakati mwingine wowote tangu simu za mkononi ziingie nchini. Miaka minne baadaye Yu haikuwepo tena. Miaka sita baadaye Orange ilikuwa imeuza hisa zake za Telkom Kenya na kuondoka. Airtel, jina jipya la Zain, iliendelea kula hasara kwa miaka mingi. Safaricom, iliyolengwa na vita vyote hivyo, ikatoka ikiwa na nguvu kuliko ilivyoingia.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya kampuni kubwa kuwashinda ndogo kwa sababu ni kubwa. Maelezo hayo hayatoshi. Mimi naona mzizi wa jambo ni hesabu moja fupi, ambayo yeyote anayepanga bei ya kitu chochote anapaswa kuifanya kabla ya kuitangaza: katika kila shilingi ninayopokea, kiasi gani ni changu, na nani mwenye uwezo wa kukibadilisha?

Dakika na sekunde

Turudi nyuma kidogo, mwaka 2000, kwa sababu soko hili lilikuwa limeshaamuliwa mara moja na namna ya kutoza. Kampuni mbili zilianza huduma mwaka huo: KenCell, ambayo ndiyo baadaye iliitwa Celtel, halafu Zain, halafu Airtel, na Safaricom. KenCell ilitoza kwa dakika nzima. Ukisema "nimefika, fungua geti" ukakata, dakika imeondoka. Safaricom ikatoza kwa sekunde.

Kwa ofisi kubwa ya Nairobi tofauti hiyo haikuwa na uzito. Meneja hupiga simu ya dakika tisa na kampuni inalipa. Kwa mtu anayenunua kadi ya kukwaruza ya bei ndogo na kuipangia matumizi ya siku tatu, tofauti ilikuwa kubwa mno, maana simu zake nyingi ni za sekunde 15 au 20. Safaricom ikamfuata huyo. Ikaendelea kumfuata kwa kadi ndogondogo za Bamba, kwa Sambaza iliyomwezesha kumgawia ndugu yake salio, na kwa Okoa Jahazi, mkopo wa salio kwa aliyeishiwa. Bei ya dakika, ukiipiga hesabu, haikuwa lazima iwe ya chini. Kilichobadilika ni jinsi malipo yalivyolingana na mfuko wa mlipaji na jinsi anavyotumia simu.

Nalitaja hili kwa sababu kuna fikra imeshika mizizi, hata kwa wafanyabiashara wazoefu, kwamba ushindani wa bei ni mashindano ya nani yuko chini zaidi. Safaricom iliipita KenCell bila kuhitaji kuwa ya chini zaidi. Ilipanga kipimo cha kutozea. Muuza mafuta ya kupikia anayepima kwa kibaba mtaani anaijua siri hii vizuri: lita moja kwake ni ghali kuliko lita ya dukani, na foleni iko kwake.

Senti 14

Sasa tufike kwenye kiini. Mtu wa Airtel akimpigia mtu wa Safaricom, simu husafiri mitandao miwili. Mpigaji analipa Airtel. Airtel nayo inapaswa kuilipa Safaricom kwa kuipokea simu hiyo na kuifikisha kwa mteja wake. Malipo hayo ndiyo ada ya mwingiliano, na nchini Kenya kiwango chake hupangwa na msimamizi wa sekta, ambaye wakati ule alikuwa Tume ya Mawasiliano ya Kenya, CCK.

Hadi Agosti 2010 ada hiyo ilikuwa shilingi 4.42 kwa dakika. Kwa kiwango hicho huwezi kuuza simu ya kwenda mtandao mwingine kwa shilingi 3. Ungekuwa unatoa shilingi 3 zote na kuongeza zako. CCK ikaikata nusu, hadi shilingi 2.21, na siku chache baadaye Zain ikatoka na bei yake mpya. Pia CCK iliweka ngazi za kuteremka: shilingi 1.44 Julai 2011, shilingi 1.15 Julai 2012, na senti 99 Julai 2013.

Tuchukue ile dakika ya shilingi 3 tuigawe. Ndani yake mlikuwa na kodi mbili: ushuru wa bidhaa wa 10% kwa huduma za simu na VAT ya 16%. Ukiziondoa, mkononi mwa kampuni hubaki takriban shilingi 2.35. Toa shilingi 2.21 ya Safaricom. Zinabaki senti 14.

Senti 14 za kuendesha minara, kununua dizeli ya majenereta, kulipa mishahara, matangazo, leseni na deni la ununuzi wa kampuni. Na bado hatujamgusa muuza kadi. Kamisheni yake ikiwa 5% tu, hiyo ni senti 15 kwenye shilingi 3. Dakika hiyo imeshaingia hasara kabla haijafika kwenye mnara.

Mtetezi wa bei ile atasema, na atakuwa na haki, kwamba hesabu hii imechukua upande mmoja. Simu ya ndani ya Airtel haina ada ya kumlipa mwingine, kwa hiyo shilingi 2.35 zote zinabaki. Na wateja wa Safaricom nao wanapiga Airtel, kila dakika wakiiletea Airtel shilingi 2.21. Ikiwa simu zinakwenda na kurudi sawasawa, ada hizo hufutana, na mtandao mdogo haudhuriki.

Ni hoja nzuri, na nadhani ndiyo iliyowapa wakubwa wa kampuni ujasiri. Tatizo ni kwamba bei yenyewe iliivunja. Ukiwa wewe ndiye nafuu kwa kupiga, watu watapigia kwako. Hawatapokelea kwako. Simu za kutoka zitaongezeka, za kuingia hazitaongezeka kwa kasi hiyo, na mizani italala upande mmoja. Kadiri bei inavyofanikiwa kuvutia wapigaji, ndivyo malipo kwa mpinzani yanavyopanda.

Laini mbili

Hapo ndipo mteja wa kawaida aliingia na akili yake. Simu za Kichina za laini mbili zilikuwa zimeanza kujaa madukani, za bei nafuu, na asiye nayo alibeba simu mbili au alitoa laini moja na kuingiza nyingine. Hebu mtazame mama anayeuza nguo za mtumba Gikomba. Laini yake ya Safaricom ndiyo namba iliyo kwa wateja wake, kwa mwalimu wa mtoto, kwa kina mama wa chama. M-Pesa yake iko humo. Hawezi kuizima. Anaweka laini ya Airtel ubavuni, anaitumia kupiga, na akimaliza kuongea anamwambia aliye upande wa pili, "ukinitafuta, tumia ile namba yangu ya kawaida."

Sentensi hiyo fupi ilikuwa na gharama kubwa kwa Airtel. Ilimaanisha simu zote za kutoka zinapitia kwao, zote za kuingia zinakwenda Safaricom. Airtel inalipa shilingi 2.21 kwa kila dakika anayompigia mteja wa Nyeri, na mteja wa Nyeri akimrudia, Airtel haipati kitu. Kwenye takwimu za tume, mama huyu alihesabiwa kama mteja mpya wa Airtel, na sehemu ya Safaricom katika laini za nchi nzima ilishuka kutoka karibu 80% hadi chini ya 70% katika muda wa mwaka mmoja hivi. Magazeti yaliandika kwamba mfalme anaanguka. Kwa kuangalia idadi ya laini, ilikuwa kweli. Kwa kuangalia laini ipi ina kazi gani mfukoni mwa mtu, mama wa Gikomba hakuwa amehama. Alikuwa amekodi nafasi ya pili.

Aprili 2011 ikaja ruhusa ya kuhama mtandao huku ukibaki na namba yako. Wengi walitarajia hiyo ndiyo ingekuwa pigo la mwisho. Waliohama walikuwa wachache mno. Namba iliweza kuhama, M-Pesa haikuweza.

Bei rahisi iliyokosa mnunuzi

M-Pesa ilikuwa imeanza Machi 2007. Kufikia Machi 2011 ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 13, na mapato yake katika mwaka ule wa fedha yalikaribia shilingi bilioni 12. Bei yake ya mwanzo ilieleweka na kila mtu: kumtumia aliyesajiliwa ni shilingi 30, na ada za kutoa pesa ziko kwenye bango la wakala, za namna moja Mombasa, Kisumu na Lodwar.

Wapinzani walikuwa na jibu. Zain ilizindua Zap mwaka 2009, na kwa mtumaji Zap ilikuwa rahisi kuliko M-Pesa: shilingi 10. Lakini mpango wake uliacha malipo ya wakala yawe kati ya wakala na mteja. Huyu atakuambia hivi, yule vile. Mtu anayemtumia mzazi wake pesa kijijini hataki kujiuliza mzee atakatwa ngapi akifika dukani. Anataka kujua kabla ya kubonyeza. Kwa maoni yangu Zap inastahili kusomwa na kila anayedhani punguzo linatosha, kwa sababu inaonyesha kwamba bei isiyojulikana humtisha mnunuzi kuliko bei kubwa inayojulikana. Na juu ya hilo, mawakala wa M-Pesa walifungwa kwa mikataba ya kutohudumia mwingine hadi mwaka 2014, Mamlaka ya Ushindani ilipoingilia. Hata aliyeipenda Zap alilazimika kuitafuta.

Kwa hiyo jumlisha: kitu kilichomfunga mteja kwa Safaricom mwaka 2010 hakikuwa bei ya dakika. Kilikuwa pesa zake, wakala aliye mlangoni, na namba inayojulikana. Airtel ilishusha bei ya kitu ambacho hakikuwa kufuli.

Mpango uliotoka India

Sitaki ionekane kwamba watu wa Bharti walikuwa wajinga. Walikuwa na mfumo uliowatajirisha nyumbani, ambao wenyewe waliuelezea kama kiwanda cha dakika: shusha bei, jaza mitandao kwa simu nyingi, mpe mwingine kazi ya kuendesha mitambo, na faida ndogo ya kila dakika ikizidishwa kwa mabilioni inakuwa faida kubwa. Huko India, mfumo huo ulifanya kazi.

Ila tazama mazingira yake. Mwaka 2009 msimamizi wa India aliishusha ada ya mwingiliano hadi paisa 20 kwa dakika, wakati kampuni zilikuwa zimeanza kuuza kwa paisa 1 kwa sekunde, yaani paisa 60 kwa dakika. Theluthi moja inakwenda kwa mwenzako, theluthi mbili zinabaki kabla ya kodi. Kenya, katika shilingi 2.35 zilizobaki baada ya kodi, 2.21 zilikwenda kwa mwenzako. Zaidi ya 90%. Isitoshe, India haikuwa na kampuni moja yenye laini 8 kati ya 10; soko liligawanyika miongoni mwa wengi, na simu zilikwenda huku na kule. Kiwanda cha dakika kinataka malighafi iwe rahisi. Nairobi malighafi iliuzwa na mpinzani.

Kilichoutetea mpango huo ni zile ngazi za CCK. Ukichukua shilingi 2.35 ukatoa 1.44, zinabaki senti 91. Ukatoa 0.99, unabaki na shilingi 1.36. Kwa maneno mengine, Airtel ilikuwa tayari kuvumilia mwaka mmoja wa maumivu, ikijua Julai 2011 mambo yatalegea, na 2013 yatakuwa mazuri. Kwenye karatasi, ni uamuzi ambao bodi yoyote ingeupitisha.

Julai 2011 ikafika na ada haikushuka. Safaricom ilikuwa imepinga upunguzaji huo kwa nguvu, serikali ikaingilia kati, na ngazi zikasimamishwa kwenye shilingi 2.21. Haikushuka hadi 1.44 mpaka Desemba 2012. Shilingi 1.15 ilikuja Julai 2013, na senti 99 Julai 2014. Mwaka mmoja na miezi mitano ya ziada kwenye senti 14.

Hapa nasema wazi ninavyoona: kusimamisha ngazi hizo hakukuwa haki. Serikali ilikuwa na hisa 35% za Safaricom. Aliyekuwa na maslahi katika mchezo ndiye aliyebadilisha muda wake, baada ya wachezaji kuwekeza kwa kuamini ratiba iliyotangazwa. Walioumia zaidi si wenye hisa wa India pekee. Ni Mkenya ambaye angekuwa na mitandao minne yenye afya ya kuchagua. Lakini hilo haliiondolei Airtel wajibu wake. Bei iliyotangazwa Agosti 2010 iliegemea uamuzi wa mtu mwingine ambao ulikuwa bado haujatekelezwa, katika nchi ambayo mshindani mkuu ni mlipakodi mkubwa na serikali ni mwenye hisa. Hatari hiyo ilionekana. Ilipaswa kuwekewa bei.

Aliyeumia na aliyevumilia

Safaricom nayo ilivuja damu, tusidanganyane. Faida yake baada ya kodi ilikuwa takriban shilingi bilioni 15.1 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2010. Mwaka uliofuata ikawa bilioni 13.2, na mwaka ulioishia Machi 2012 ikawa bilioni 12.6. Hisa iliyouzwa kwa umma kwa shilingi 5 mwaka 2008 ilikuwa chini ya shilingi 3 mwishoni mwa 2011. Michael Joseph, aliyeijenga kampuni hiyo tangu mwanzo, alimkabidhi Bob Collymore uongozi Novemba 2010, katikati ya moto.

Kisha ikaja Oktoba 2011. Uchumi wa Kenya ulikuwa pabaya: shilingi ilikuwa imeporomoka hadi kupita 100 kwa dola, mfumuko wa bei ulikaribia 20%, dizeli juu, mitambo inalipiwa kwa dola. Kila kampuni ya simu ilikuwa inabanwa. Collymore akafanya ambalo hakuna aliyelithubutu katika vita vile: akapandisha. Kupiga simu mchana kukatoka shilingi 3 hadi 4.

Ongezeko la theluthi nzima, wakati mpinzani yuko pale pale kwenye shilingi 3, na laini yake tayari iko mfukoni mwa mamilioni ya watu. Kwa hesabu ya vitabuni wateja walipaswa kumiminika. Walilalamika sana, redioni na mitandaoni, na wakabaki. Mwaka ulioishia Machi 2013 faida ya Safaricom ilifika shilingi bilioni 17.5, juu kuliko kabla ya vita, na mapato ya M-Pesa peke yake yalikuwa yamefika karibu bilioni 22.

Lile ongezeko la shilingi moja ndilo somo gumu zaidi la kisa kizima, na sioni likizungumzwa vya kutosha. Airtel ilipokata bei ilijipa uwezo wa kushuka bila uwezo wa kurudi. Jina lake sokoni likawa "ile ya bob tatu". Gharama zilipopanda, ikabaki imesimama, kwa kuwa hicho ndicho kitu pekee ambacho mteja alikuwa anakifuata kwake. Aliye na sababu nyingine za kupendwa aliweza kupandisha. Ukitaka kujua kama bei yako ina nguvu, usiangalie wangapi walikuja uliposhusha. Angalia wangapi wangebaki ukipandisha.

Rene Meza, aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni hiyo Kenya wakati bei zinakatwa, aliondoka mwaka 2011 kwenda kuiongoza Vodacom Tanzania. Yu ilikufa 2014: wateja wake wakachukuliwa na Airtel, miundombinu yake ikachukuliwa na Safaricom. Mgawanyo huo peke yake unasimulia mengi. Mmoja alichukua laini, mwingine minara. Orange ikauza hisa zake za Telkom Kenya kwa Helios, kampuni ya uwekezaji, mwaka 2016.

Kwa wenye biashara ndogo

Mtu mwenye mgahawa au duka la viatu anaweza kuona haya yote ni ya mabilionea. Sivyo. Mpishi anayeuza kupitia programu za kuletewa chakula anajua kuna kamisheni inayokatwa kwa kila sahani. Anaposhusha sahani ya pilau kwa sh 100 ili apande juu kwenye orodha, anashusha upande wake peke yake. Kamisheni, vifungashio na gesi havijashuka. Sahani zinaongezeka, jiko linawaka usiku na mchana, na mwisho wa mwezi hakuna kitu. Halafu kampuni ya programu inabadilisha kamisheni kwa barua pepe ya mistari mitatu. Muuza nguo anayetegemea bei ya kontena iliyopangwa na mtu wa bandarini yuko hapo hapo. Mwenye bodaboda aliye kwenye programu yuko hapo hapo.

Hesabu yao ni ile ile ya dakika ya shilingi 3. Chukua kipande kimoja cha mauzo, dakika, sahani, jozi ya viatu, toa kodi, toa kinachokwenda kwa mwingine, toa cha muuzaji wa mwisho, uone kilichobaki. Kisha chora mstari chini ya kila gharama ambayo mtu mwingine anaweza kuibadilisha bila kukuuliza. Ikiwa mistari ni mingi kuliko kilichobaki, punguzo hilo linampa mtu mwingine biashara.

Na mwangalie mteja anavyokuja. Je, amekuja kwako kwa kila kitu, au amekuweka kwenye laini ya pili? Wanaokuja kwa ajili ya ofa na kuondoka ikiisha wanaongeza idadi kwenye daftari, na daftari lenye idadi nzuri humfanya mtu akope ili apanue. Airtel iliongeza uwezo wa mtandao wake kuhudumia simu ambazo zilimlipa Safaricom.

Ile ada baada ya vita

Ugomvi wa ada ya mwingiliano haukuisha na vita vile. Ilikaa kwenye senti 99 kwa miaka. Desemba 2021, Mamlaka ya Mawasiliano, iliyorithi kazi za CCK, ilitangaza kuishusha hadi senti 12. Safaricom ikaenda kwenye baraza la rufaa, na mwaka 2022 pande zikaafikiana senti 58. Machi 2024 ikashushwa hadi senti 41.

Ichukue tena dakika ya shilingi 3 na uigawe kwa kodi za 2024, ushuru wa 15% na VAT ya 16%: zinabaki kama shilingi 2.25. Toa senti 41. Mkononi mwa kampuni ya bei nafuu zinabaki shilingi 1.84, mara 13 ya zile senti 14, kwa bei ile ile ya mwaka 2010. Imechukua takriban miaka 14 kwa mazingira kuifikia bei ile, na katika muda huo sehemu kubwa ya maongezi imehamia kwenye WhatsApp, ambako hakuna anayelipa kwa dakika.